Uvira: Parseli tano za marehemu, na bei isiyopatikana kwa kujumlisha

Mzee anapofariki Uvira, matanga yakiisha, swali la kwanza ni la madeni na la pili ni la parseli. Ziko ngapi, ziko wapi, karatasi zake anazo nani? Kisha linakuja swali ambalo limevunja familia nyingi kuliko madeni: zina bei gani?

Wengi hujibu kwa njia ya soko. Wanatafuta bei ya parseli moja iliyouzwa karibuni kwenye avenyu ile, wanaizidisha mara tano, halafu wanagawa kwa hesabu ya watoto. Inaonekana safi. Lakini katika mji huu uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, ambako parseli moja ina duka juu ya barabara na ya jirani yake ina mawimbi mlangoni, hesabu ya namna hiyo karibu kila mara ni ya uongo. Kuna anayepata kupita kiasi na kuna anayepunjwa, na anayepunjwa mara nyingi ni mama mjane au dada aliyeolewa mbali.

Chukua mfano wa familia moja. Umetungwa, na bei zake ni za kufanyia hesabu tu, si bei za soko la leo. Lakini hakuna mkaaji wa Kasenga ao wa Mulongwe atakayeuona kuwa mgeni.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ndagala na mikebuka. Ameacha mjane, watoto sita na parseli tano. Nne zinafuatana kutoka barabara ya taifa namba 5 mpaka ziwani. Ya kwanza, juu ya barabara, ina duka na depo. Ya pili ina nyumba ya familia, na mlango wake unatokea kwenye kinjia cha pembeni ambacho kinaishia hapohapo. Ya tatu ina miembe tu na haina njia: anayetaka kuingia lazima apite uwanjani mwa nyumba. Ya nne iko kwenye ufuko. Zamani watu waliifikia kwa kutembea juu ya mchanga, lakini ziwa lilipopanda mchanga ule ulifunikwa. Ya tano iko mbali, Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, na wenye malori wanaipanga kwa mwezi.

Ukiuliza bei ya kila moja peke yake, tuseme ya duka ni dola 30 000, ya nyumba 14 000, ya miembe 3 000, ya ufuko 5 000, ya Kavimvira 9 000. Jumla ni 61 000. Kaka mkubwa, ambaye ndiye likwidateri wa urithi, ameandika namba hiyo juu ya daftari na amepiga mstari chini yake.

Mthamini anayejua kazi yake hawezi kupiga mstari huo. Mbele ya kuuliza bei, anauliza hapa kuna vitu vingapi.

Kitu kimoja ao vitano?

Mahakama za Marekani, ambazo zimehukumu kesi nyingi za barabara na reli zilizokata mali za watu, zimezoea kuuliza mambo matatu ili kujua kama parseli kadhaa ni mali moja. Je, zinagusana? Je, mwenye haki juu yake ni mmoja? Je, zinatumika kwa kazi moja? Wathamini wa serikali kuu ya huko wanatakiwa kujibu hilo la "parseli kubwa" kwanza, ndipo waandike bei. Hakuna sheria inayomlazimisha jeometa wa Uvira kufuata maswali hayo. Lakini ni maswali ya akili, na hapa yanafaa sawa na kule.

Parseli ya Kavimvira inaanguka mara moja: haigusani na nyingine na kazi yake ni tofauti. Inathaminiwa peke yake, kwa kodi inayoingia kila mwezi, ukiondoa miezi ambayo mpaka hufungwa na malori hayaji. Hizo nne za Kasenga zinagusana. Baba alizitumia kama kitu kimoja: mitumbwi ilifika ufukoni, samaki walianikwa chini ya miembe, wakalala ndani ya depo, wakauzwa dukani. Mtu anayetaka kufungua depo kubwa ya samaki yenye chumba cha baridi atazitaka zote nne, na kwa ukanda huo mzima unaotoka barabarani mpaka majini anaweza kulipa 65 000. Moja-moja, hizo nne zinafika 52 000.

Hizo 13 000 za juu hazimo ndani ya parseli yoyote. Zinatokea kwa sababu nne ziko pamoja, na zinaweza kupotea kwa siku moja. Mtoto aliyepewa parseli ya miembe akiuza kwa mgeni kwa hasira, ukanda umekatika katikati na mnunuzi wa depo anakwenda kutafuta Kalundu. Ao mtoto huyo anagundua kwamba bila yeye wengine hawawezi kuuza, naye anadai zote 13 000 kwa parseli yenye thamani ya 3 000. Yote mawili yanajulikana sana kwa makomisioneri wa Uvira, na baadhi yao, iseme wazi, ndio wanaomnong'oneza mtoto wa miembe.

Kwa hiyo mthamini mwaminifu haandiki 65 000 kama ahadi. Anaandika kwamba bei hiyo ipo kama warithi wanauza pamoja, kama karatasi zinaruhusu, na kama mnunuzi wa namna hiyo yuko kweli na si ndoto. La sivyo, anabaki na bei ya moja-moja.

Kuna njia ya katikati ambayo familia nyingi haziifikirii. Kabla ya kugawa, kata njia ya mita tatu pembeni mwa parseli ya nyumba. Nyumba inapoteza kidogo, inashuka kutoka 14 000 mpaka 12 000. Lakini ya miembe sasa ina njia, na inapanda kutoka 3 000 mpaka 8 000. Ya ufuko inapanda mpaka 6 000. Familia imepoteza 2 000 upande mmoja na kupata 6 000 upande mwingine, kwa kazi ya jeometa na mawe machache ya mpaka. Njia hiyo ikiandikwa kadastani mbele ya kugawana, hakuna shemeji atakayeifunga kwa ukuta miaka kumi baadaye.

Karatasi tano, nguvu tano

Hapa ndipo hesabu ya kaka mkubwa inavunjika zaidi. Alipoandika bei tano, alizichukua kana kwamba zote zina karatasi sawa.

Sheria ya ardhi ya Kongo, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ilisema kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Mtu binafsi anapewa haki ya kuitumia: konsesyo ya milele kwa mtu aliye raia wa Kongo, ao konsesyo ya kawaida yenye miaka iliyohesabiwa. Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, hati ya uandikishaji inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Miaka miwili ikipita tangu hati itolewe, sheria inafunga mlango wa kuishambulia, isipokuwa kwa sababu chache. Nyingine zote, yaani karatasi ya mauzo, fishi ya parseli kutoka kwa shefu wa kartie, mkataba wa kupanga kutoka ofisi ya ardhi, ni hatua za njiani. Zina faida, lakini hazijafika.

Katika familia yetu ya mfano, duka na nyumba vina hati, kwa jina la marehemu. Miembe ina karatasi ya mauzo na fishi ya kartie. Ufuko una karatasi moja ya zamani yenye alama za vidole za wazee wa ukoo. Kavimvira ina mkataba wa kupanga ambao miaka yake ilikwisha, na hakuna aliyekwenda kuufanya upya.

Karatasi ya wazee ina uzito wake. Inaonyesha nani anajulikana kwenye ardhi ile, na majirani wanaiheshimu. Sheria ya 1973 yenyewe iliahidi, katika kifungu cha 389, kwamba haki za jamaa juu ya ardhi wanazokaa kwa desturi zitapangwa na ordonansi ya Rais. Ordonansi hiyo ilingojewa miaka na miaka bila kutoka, na katika pengo hilo mauzo ya maneno na ya alama za vidole yaliongezeka, ndani ya sheferi ya Bavira kama kwingine katika Kivu ya Kusini. Lakini benki haipokei alama za vidole. Dhamana ya nyumba inaandikwa juu ya hati ya uandikishaji, basi asiye na hati hana pa kuiandika.

Kwa mthamini, kazi yake si kuandika "haina hati" na kuendelea. Anahesabu: kutoka karatasi hii mpaka hati, kuna safari ya gharama gani, ya miezi mingapi, na kuna hatari gani kwamba mtu mwingine atatokea na karatasi nyingine ya parseli ileile? Hayo yote yanatolewa kwenye bei. Parseli ya miembe yenye thamani ya 8 000 ikiwa na njia na hati, inaweza kuwa 5 500 ikiwa na njia bila hati. Na mnunuzi wa depo hatalipa 65 000 kwa ukanda ambao nusu yake haina hati. Atapunguza kwa ukanda wote, si kwa ile nusu tu, kwa sababu kesi juu ya ufuko itasimamisha chumba cha baridi kilichojengwa juu ya miembe.

Swali la kuunganisha parseli nne ziwe namba moja ya kadasta linakuja hapo. Inawezekana: zinapimwa upya, hati za zamani zinafutwa, inatoka moja. Ila huwezi kuunganisha hati na alama ya kidole. Kwanza zote zifike kwenye hati, na zote ziwe kwa jina la walio hai.

Mama yuko wapi katika hesabu?

Kaka mkubwa amegawa 61 000 kwa watoto sita. Mama hayumo. Hiyo si desturi tu, ni kosa la hesabu.

Kodi ya familia ya Kongo, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyobadilishwa mwaka 2016, inaanza mbali zaidi. Kama ndoa iliandikishwa na wenzi hawakuchagua mpango mwingine wa mali, vitu walivyopata wakiwa pamoja katika ndoa ni vya wote wawili. Basi ikiwa parseli ya duka na ya miembe zilinunuliwa baada ya ndoa, nusu yake si urithi kabisa: ni ya mama tayari, na haigawiwi. Kinachobaki ndicho urithi. Hapo watoto wote, wasichana na wavulana, wanachukua robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mjane yumo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu.

Tena sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake, na nusu ya matumizi ya ardhi zinazogusana na nyumba ambazo mwenye kukaa humo alikuwa akizitumia mwenyewe, pamoja na biashara iliyofungamana nazo. Soma tena maneno hayo ukiwa na parseli nne zinazofuatana kichwani. "Zinazogusana na nyumba": miembe inagusana. Duka linagusana. Kumbe swali lile la mthamini, kama hapa kuna kitu kimoja ao vinne, linaamua pia mama atakula nini.

Na linabadilisha bei. Mtoto aliyepewa parseli ya nyumba hajapewa nyumba ya 14 000. Amepewa nyumba ambayo mama ana haki ya kukaa ndani. Anayeinunua leo analipa kidogo, kwa sababu anangoja. Ripoti inayosema 14 000 bila kumtaja mama imemdanganya mtoto, na imeweka mbegu ya kumfukuza mama.

Maji yanayosogea

Mthamini wa Bukavu anapima parseli na anajua kesho itakuwa pale. Uvira si hivyo.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, mto Lukuga unaopita Kalemie. Maji mengi linayopoteza yanapotea kwa jua. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa linapanda na halishuki haraka. Kila mwaka, kati ya kiangazi na mwisho wa mvua, usawa wake unabadilika karibu mita moja kasoro kidogo. Hilo wavuvi wanalijua. Kinachowashangaza wajenzi ni mizunguko mirefu. Katika karne ya 19 ziwa lilikuwa juu zaidi ya leo, mpaka mwaka 1878 hivi Lukuga ilipofunguka, na katika miaka iliyofuata likashuka kama mita kumi. Mwaka 1964 lilipanda tena mpaka karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Wazee waliokuwa watoto wakati ule waliwaonya waliojenga kwenye mchanga. Ufuko ulijaa nyumba hata hivyo, kwa sababu kati ya 1964 na 2020 kuna kizazi kizima kilichoona mchanga mkavu tu.

Halafu yakaja maji mawili kwa pamoja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo na kubeba makumi ya watu na maelfu ya nyumba ndani ya potopoto na mawe. Na ziwa likaanza kupanda, likafunika avenyu za ufukoni, likashuka kidogo, kisha mwaka 2024 likarudi karibu na alama ile ya 1964. Barabara ya kwenda Kavimvira ikapitwa kwa mitumbwi.

Kwa mtu mwenye parseli moja ufukoni, hiyo ni hasara ya parseli moja. Kwa mwenye ukanda wa nne, ni swali gumu zaidi: je, parseli ya ufuko bado ni sehemu ya kitu kimoja, ao imekuwa ziwa? Maji na kitanda chake ni mali ya umma, haviuzwi. Wakubwa wa serikali katika Kivu wanakumbusha pia kila mara mita 10 kutoka majini ambazo hazijengwi. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka mita 150 kwa ziwa hilohilo. Maji yakisogea mita ishirini ndani, mita hizo kumi zinasogea nayo? Mthamini hawezi kuhukumu hilo. Anachoweza ni kupima kutoka kwenye maji yalivyo siku ya kupima, kupima tena kutoka alama ya maji ya 2024 iliyobaki ukutani, na kuandika bei mbili kwa wazi. Parseli yenye mita 40 za urefu inaweza kubaki na 25 kwa kipimo kimoja na 8 kwa kingine.

Lakini tazama jambo la ajabu. Ufuko huohuo ambao peke yake haufai kujenga, ndani ya ukanda bado una kazi: ni mahali pa kufikia mitumbwi. Duka halijali kama mchanga umefunikwa, mradi mtumbwi unafika. Kwa hiyo parseli ya ufuko iliyoshuka mpaka 1 500 ikiuzwa peke yake, ikibaki na zile tatu inaweza kuwa bado inachangia 4 000. Anayeikata na kuiuza haraka kwa hofu ya maji anatupa zaidi ya nusu.

Na parseli ya miembe, iliyokuwa ya tatu kutoka barabarani, sasa ndiyo ya mbele ya maji. Hasara ya jirani imempa nafasi, na hatari pia.

Tarehe gani?

Bei bila tarehe haina maana, na Uvira zaidi. Bei ya siku baba alipofariki, ya siku ya kugawana, na ya siku ya kuuza ni tatu tofauti. Parseli kando ya Mulongwe tarehe 15 Aprili 2020 na tarehe 18 Aprili 2020 si kitu kimoja hata kama hati ni ileile. Vita vinapokaribia mji ni vilevile: watu wanauza kwa nusu ili wavuke Gatumba na franga mkononi, na mwezi unaofuata bei hizo zinatajwa kama bei za soko. Si za soko, ni za hofu. Mthamini anaziweka pembeni, isipokuwa ameombwa kusema mtu anayetoroka leo atapata ngapi.

Karatasi za mauzo nazo hazisaidii sana, kwa kuwa mara nyingi bei iliyoandikwa humo imepunguzwa juu ya kodi, huku komisioneri akitaja bei iliyoongezwa. Ndiyo sababu, kwa duka, ni salama zaidi kuanzia kwenye kodi ya mwezi na garanti ambayo wapangaji wanalipa kweli, na kwa nyumba, kwenye gharama ya matofali, saruji na mabati ukitoa uzee.

Zikiwa nyingi mno

Yote hayo ni ya parseli chache zinazopandishana. Zikiwa nyingi za namna moja, mambo yanageuka. Familia yenye shamba upande wa bonde la Ruzizi inakata viwanja 40 na kusema: kimoja 2 000, basi tuna 80 000. Hawana. Wakiuza kumi kwa mwaka ni miaka minne. Ndani ya miaka hiyo wanalipa jeometa, komisioneri, mlinzi, na karatasi 40. Viwanja vya mwisho vinauzwa kwa bei ya chini. Na dola ya mwaka wa nne si dola ya leo. Mtu mwenye franga za kununua shamba lote mara moja anaweza kutoa 45 000 na asiwe mwizi. Watoto wengi wamegombana kwa tofauti hiyo ya 35 000 ambayo haikuwahi kuwapo. Huko Kiliba, ambako kiwanda cha sukari kilisimama na vita vya 1996, swali la thamani ya mashamba makubwa ni gumu zaidi, maana juu ya ardhi ya kiwanda kuna pia wakaaji wanaolima ili kula.

Barabara ikija

Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya wote na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza njia: pendekezo la malipo linatokana na maandiko yaliyotiwa sahihi na majeometa wawili wa kadasta, ao jeometa na mtaalamu wa kilimo, kufuatana na aina ya mali. Wasiokubali wanaweza kwenda mahakamani.

Tuseme barabara ya taifa inapanuliwa na inachukua mita tano mbele ya duka. Kwa kuzidisha mita za mraba kwa bei, malipo ni 2 500. Lakini duka bila uso wake limekufa, lori haligeuki tena kuingia depo, na ukanda mzima umepoteza mdomo. Hasara ya kweli inaweza kufika 12 000. Tofauti hiyo yote inategemea kama maandiko yanazungumzia parseli moja iliyoguswa ao nne zilizokuwa zikifanya kazi pamoja. Mwenye mali akinyamaza siku ya kupima, yataandikwa ya moja. Ng'ambo ya ziwa, kanuni za Tanzania za mwaka 2001 zinaongeza juu ya thamani ya ardhi posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida ya biashara iliyopotea. Mtu wa Uvira anaweza kuomba mambo kama hayo kwa jina la "malipo ya haki", ila lazima ayaombe mwenyewe, na daftari za duka mkononi.

Katika familia yetu ya mfano bado hakuna barabara inayokuja. Kuna jeometa anayekuja, siku ya posho asubuhi. Mama ametoa hati mbili kutoka chini ya godoro, ile karatasi ya alama za vidole, na risiti za saruji za mwaka walipojenga depo pamoja. Mawe ya mpaka ya duka yanaonekana. Ya nyumba pia. Ya miembe moja limefunikwa na nyasi. Ya ufuko, mawili ya juu yapo; mawili ya chini yako majini, na ataitwa mtoto mmoja anayejua kuogelea ili ayatafute kwa miguu.